Tuache kukwangua meno kwa jina la usafi



Katika safu yetu ya leo tunazungumzia kitu ambacho kila mmoja wetu anacho kinywani na anakitumia kila siku, lakini ni wachache waliowahi kujiuliza kina unene gani. Kitu hicho ni ganda jeupe la nje ya jino, ambalo madaktari huliita enameli.

Nimelichagua suala hili kwa sababu katika nyumba zetu nyingi imezoeleka tabia ya kusugua meno kwa mkaa uliosagwa, majivu, mchanga laini, au ndimu na chumvi, ili meno yang'ae. Wapo wanaofanya hivyo kila wiki, na wapo wanaofanya hivyo siku chache kabla ya harusi au sikukuu. Nia ni njema, kwani usafi wa kinywa ni jambo tulilofunzwa tangu utotoni. Lakini njia ni mbaya. Maoni yangu, ambayo nitayaeleza kwa ushahidi, ni kwamba anayekwangua jino ili liwe jeupe anapunguza akiba asiyoweza kuirudisha, na mwisho wake atapata jino la manjano zaidi kuliko lile aliloanza nalo.

Enameli ni nini?

Jino lina tabaka tatu. Nje kabisa, katika sehemu inayoonekana kinywani, ipo enameli. Chini yake ipo dentini, ambayo rangi yake inaelekea manjano. Katikati kabisa kipo kiini laini chenye mishipa ya damu na ya fahamu. Jino linapouma usiku mpaka mtu akakosa usingizi, mara nyingi ni hicho kiini kinacholalamika.

Enameli ndiyo kitu kigumu kuliko vyote katika mwili wa mwanadamu. Hata mfupa hauifikii. Kwa uzito, takriban asilimia 96 yake ni madini, hasa kalsiamu na fosfeti zilizoshikamana. Dentini kwa upande wake ina madini kiasi cha asilimia 70 tu. Ndio maana enameli hustahimili kutafuna mifupa ya samaki, mahindi ya kuchoma na karanga kwa miaka hamsini na zaidi.

Pamoja na ugumu huo, enameli ina udhaifu mkubwa mmoja: haina uhai ndani yake. Chembe hai zinazoijenga hufanya kazi wakati jino likiwa bado limefichwa ndani ya taya. Jino linapochomoza, chembe hizo zimekwisha. Mfupa ukivunjika huunga, ngozi ikichubuka huota nyingine, ukucha ukikatwa hurefuka. Enameli ikilika, haioti tena. Ni kweli kwamba mate yetu yana kalsiamu na fosfeti, na yakisaidiwa na floraidi iliyomo katika dawa ya meno yanaweza kuimarisha sehemu iliyoanza kulainika. Lakini unene uliokwisha kuondoka hauwezi kujengwa upya na mate, wala na dawa yoyote ya kusugulia.

Basi swali la msingi ni hili: tuna akiba kiasi gani? Hapo ndipo kazi ya wanasayansi wa eksirei inapotufaa.

Unene huu umepimwaje?

Kwa miaka mingi njia ya kupima enameli ilikuwa moja, nayo ni kulikata jino lililong'olewa kwa msumeno mwembamba, kisha kutazama kipande chake kwa darubini. Mwaka 1985 mtafiti Lawrence Martin alichapisha katika jarida la Nature kazi iliyofanya kipimo cha unene wa enameli kuzungumzwa sana miongoni mwa wataalamu, na msingi wa kazi hiyo ulikuwa meno yaliyokatwa.

Njia hiyo ina kasoro tatu. Kwanza, jino limekwisha kuharibiwa. Pili, unajua unene wa pale tu msumeno ulipopita, sehemu nyingine hujui. Tatu, ukikosea pembe ya kukata unapata jibu la uongo. Jaribu mwenyewe jikoni. Chukua chungwa ulikate katikati kabisa, utazame unene wa ganda. Kisha chukua chungwa jingine la mti huohuo ulikate pembeni, karibu na kikonyo. Ganda litaonekana nene zaidi, ingawa machungwa ni ya aina moja. Jino nalo ni hivyohivyo.

Ufumbuzi ulitoka katika eksirei. Mionzi hii iligunduliwa na Wilhelm Röntgen huko Ujerumani mwishoni mwa mwaka 1895. Majuma machache tu baadaye, Januari 1896, daktari wa meno Otto Walkhoff wa hukohuko Ujerumani alipiga picha ya meno yake mwenyewe, na ilimbidi akae mbele ya mionzi kwa dakika 25. Leo picha kama hiyo huchukua chini ya sekunde moja.

Hata hivyo picha ya kawaida ya eksirei ni kivuli tu. Upande wa mbele na wa nyuma wa jino huonekana umelaliana katika picha moja, hivyo hauwezi kupima unene kwa uhakika. Hatua iliyofuata ni siti skani, yaani kupiga picha nyingi kutoka pande mbalimbali na kuiachia kompyuta izipange mpaka sura ya ndani ipatikane. Mgonjwa wa kwanza alipigwa siti skani mwaka 1971 katika hospitali ya Atkinson Morley mjini London, kwa mashine iliyobuniwa na Godfrey Hounsfield. Mwaka 1979 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Afrika Kusini, ambaye alianza kufanyia kazi hesabu za jambo hili akiwa Cape Town.

Mashine za hospitali zilitengenezwa kwa ajili ya kichwa na kifua. Kwa kitu kidogo kama jino zilikuwa hazioni vizuri. Mwaka 1982 ndipo Jim Elliott, aliyekuwa akichunguza madini ya meno na mifupa katika chuo cha udaktari cha London Hospital, pamoja na mwenzake Dover, walipochapisha maelezo ya skani ndogo ya eksirei yenye kuona vitu vidogo sana. Kitu walichokipiga picha kilikuwa gamba la konokono mdogo, wa jamii ileile ya konokono wanaobeba vimelea vya kichocho. Wenyewe wanaiita maikro-siti.

Inafanya kazi hivi. Jino huwekwa juu ya kisahani kinachozunguka polepole. Upande mmoja kuna chanzo cha mionzi chenye ncha ndogo sana, upande wa pili kuna kipokea picha. Jino likizunguka, picha mamia kwa mamia hupigwa. Kompyuta inazipanga na kutengeneza umbo kamili la jino, nje na ndani, lenye kuonyesha hata sehemu ya mia moja ya milimita. Kwa kuwa enameli ina madini mengi zaidi, inazuia mionzi zaidi na kuonekana nyeupe. Dentini inaonekana kijivu. Mpaka kati yake huonekana wazi, na jino lenyewe linabaki zima bila hata mkwaruzo.

Baada ya hapo hesabu ni kama ya fundi lipu. Ukijua jumla ya lipu iliyotumika nyumbani kwako na ukajua eneo la ukuta uliopakwa, ukigawanya cha kwanza kwa cha pili unapata wastani wa unene wa lipu. Watafiti nao huchukua ujazo wote wa enameli na kuugawanya kwa eneo la mpaka ilipokutana na dentini. Mwaka 2006 Anthony Olejniczak na Frederick Grine walichapisha ulinganisho wa vipimo vya maikro-siti na vya meno yaliyokatwa hasa, na wakaona kwamba vinakubaliana vizuri. Tatizo walilolitaja ni katika meno ya kale yaliyogeuka mawe, ambayo wakati mwingine madini ya ardhini yamejaa humo hata enameli na dentini zisitofautike.

Na meno ya kale ndiyo yaliyosukuma sana kazi hii. Hapa Tanzania tunalo fuvu lililopatikana Olduvai mwaka 1959, linalohifadhiwa na Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam, ambalo meno yake ya nyuma ni makubwa na enameli yake ni nene kupita ya binadamu wa leo. Safu hii si mahali pa kujadili asili ya mafuvu hayo. Nimelitaja ili msomaji aone kwa nini njia isiyoharibu ilihitajika: hakuna atakayekubali kitu cha namna hiyo kikatwe kwa msumeno.

Vipimo vinatuambia nini?

Sasa tuje kwenye majibu. Katika magego ya mtu mzima, enameli ni nene zaidi juu ya vile vilima vya kutafunia, ambako hufikia milimita 2 hadi 2.5. Karatasi 10 za kawaida zikipangwa pamoja hukaribia milimita moja. Kwa hiyo pale penye unene mkubwa kuliko pote, ngome yako ni kama karatasi 25. Kutoka hapo inashuka kadiri unavyoteremka kuelekea kwenye ufizi, mpaka inakuwa ncha nyembamba kabisa na kuisha. Pale shingoni mwa jino, ambapo mswaki hupita kila siku, karibu hakuna kitu.

Vilevile vipimo vimeonyesha kwamba unene haukugawanywa ovyo. Katika magego ya juu, upande wa ulimini una enameli nene zaidi. Katika magego ya chini, ni upande wa shavuni. Hizo ndizo pande zinazobeba nguvu kubwa ya kusaga chakula. Mwenye kuzingatia ataona hekima ya Muumba katika jambo dogo kama hilo, na ataona vilevile kwamba hakuna ziada iliyowekwa kwa ajili ya sisi kuikwangua.

Faida nyingine ya njia hii ni kwamba jino lilelile linaweza kupimwa mara mbili. Jino lililokatwa limekwisha. Lakini lililopigwa skani linaweza kutiwa ndani ya kinywaji kichachu au kusuguliwa kwa unga fulani, kisha likapigwa skani tena na tofauti ikaonekana. Yaani mabishano ya "mbona mimi sioni madhara yoyote" yanapata jibu la namba. Macho yetu hayawezi kuona kupungua kwa sehemu ya mia moja ya milimita. Mashine inaona.

Mkaa, mchanga na ndimu

Tukiwa na namba hizo mkononi, tutazame tabia zetu.

Mkaa, majivu na mchanga ni vitu vya kuparuza. Ukivisugua juu ya jino, uchafu hutoka, na hilo ndilo linalowadanganya watu. Jino linang'aa kwa siku chache. Lakini pamoja na uchafu kumeondoka chembechembe za enameli, hasa pale shingoni palipo pembamba. Mwaka 2017 jarida la Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani lilichapisha mapitio ya tafiti kuhusu dawa za meno zenye mkaa, na hitimisho lake lilikuwa kwamba hakuna ushahidi wa kutosha wa usalama wala wa manufaa yanayotangazwa. Zingatia kwamba hizo ni dawa zilizosagwa kiwandani. Mkaa wa jikoni uliopondwa kwa mchi una punje kubwa zaidi na kali zaidi.

Ndimu ni hatari kwa njia nyingine. Uchachu hupimwa kwa kipimo kiitwacho pH, ambapo maji safi ni 7, na kadiri namba inavyoshuka ndivyo uchachu unavyozidi. Enameli huanza kuyeyuka pale uchachu wa kinywani unaposhuka chini ya 5.5 hivi. Soda nyingi ziko kati ya 2.5 na 3.5. Maji ya ndimu yako karibu na 2. Anayesugua meno kwa ndimu na chumvi anailainisha enameli kwa uchachu, na papo hapo anaiparuza kwa chumvi. Ni sawa na kuloweka ukuta wa udongo kisha kuupitishia fagio la chelewa.

Sasa sikiliza jambo ambalo ningependa kila kijana alisikie. Enameli ni angavu kiasi, inapitisha mwanga. Rangi ya jino tunayoiona inatokana kwa sehemu kubwa na ile dentini ya manjano iliyo chini. Enameli ikiwa nene, weupe hutawala. Ikipungua, manjano hujitokeza. Kwa hiyo binti anayekwangua meno ili yawe meupe siku ya harusi, akiendelea hivyo miaka kadhaa, atayaona yanazidi kuwa manjano. Naye akiona hivyo huongeza kusugua. Kisha meno huanza kufa ganzi kwa maji baridi na kuuma kwa chai ya moto, kwa sababu dentini imebaki wazi.

Najua hoja itakayoletwa. Tutaambiwa: mbona bibi zetu walitumia mkaa na meno yao yalikuwa meupe mpaka uzeeni? Hoja hii ina heshima yake, lakini tuipime. Bibi zetu hawakunywa soda kila siku, wala hawakula biskuti na pipi kuanzia asubuhi. Uchachu uliokuwa ukishambulia meno yao ulikuwa mdogo kuliko wetu. Jino lililokwisha kulainishwa na soda likisuguliwa mkaa hulika haraka kuliko jino gumu. Isitoshe, tunawakumbuka wale waliobaki na meno. Waliopoteza yao mapema hatuna kawaida ya kuwasimulia. Kumheshimu mzee ni wajibu wetu, lakini kumheshimu hakumaanishi kufuata kila alichofanya katika mazingira tofauti na yetu.

Meno ya kahawia si uchafu

Wapo ndugu zetu ambao suala hili linawagusa kwa uchungu zaidi. Hao ni waliokulia katika baadhi ya maeneo ya Arusha, Kilimanjaro na Manyara, na kwingineko katika Bonde la Ufa, ambako maji yana floraidi nyingi. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni kisichozidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji. Mtoto akinywa maji yenye kuzidi sana kiwango hicho katika miaka takriban minane ya mwanzo, enameli inayojengwa ndani ya taya yake hutoka na kasoro. Jino likichomoza huwa na mabaka meupe kama chaki, na baadaye kahawia.

Vijana hawa huchekwa shuleni na hata kukataliwa posa, na wengi huchukua mchanga au mkaa wakasugua wakidhani ni uchafu. Ndugu msomaji, hilo baka limo ndani ya enameli yenyewe. Skani za eksirei, ambazo hupima pia wingi wa madini, zinaonyesha kwamba katika meno ya namna hii sehemu iliyo chini ya uso wa jino ina madini pungufu na vitundu vidogo. Ni ganda dhaifu tayari. Kulisugua ni kulimaliza. Anayetaka kurekebisha aende kwa daktari wa meno, kwani zipo njia za kuyafunika au kupunguza mabaka kwa kipimo maalumu.

Kwa wazazi wa maeneo hayo, kinga iko kwenye maji. Kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Maji yakipungua kwa kuchemka, floraidi iliyomo inabaki na kuzidi ukali. Tumieni maji ya mvua yaliyokingwa vizuri kwa ajili ya watoto wadogo, au maji yaliyochujwa kwa njia iliyothibitishwa, kama ile ya mkaa wa mifupa ambayo kituo cha Ngurdoto huko Arusha kimeishughulikia kwa miaka mingi. Magadi ya kupikia maharage nayo yapunguzwe, kwani mara nyingi yana floraidi.

Watoto wetu

Enameli ya meno ya utoto ni nyembamba mno kuliko ya meno ya ukubwani, takriban nusu yake. Kwa hiyo tundu likianza huchukua muda mfupi kufika kwenye kiini, na mtoto hulia usiku kucha. Kina mama, msimlaze mtoto na chupa ya maziwa yenye sukari au ya sharubati. Kinywaji kinakaa kwenye meno usiku mzima wakati mate ni machache.

Jambo jingine ambalo wazazi wengi hawalijui ni hili. Mtoto akifika umri wa miaka 6 hivi, gego la kwanza la kudumu huota nyuma kabisa, bila jino lolote kung'oka. Mzazi hudhani ni jino la utoto na kusema litang'oka lije jingine. Haliji jingine. Gego hilo ni la maisha yote, na enameli yake ilianza kujengwa tangu wakati wa kuzaliwa. Usimwache mtoto wa darasa la kwanza apige mswaki peke yake. Simama naye.

Dawa ya meno yenye floraidi itumike kwa kiasi: kama punje ya mchele kwa mtoto wa chini ya miaka 3, na kama punje ya njegere kwa wa miaka 3 hadi 6, naye afundishwe kutema. Kwa maeneo ya maji yenye floraidi nyingi, muulize kwanza mtaalamu wa afya.

Mswaki na futari

Neno letu "mswaki" limetoka katika Kiarabu, nalo lilikuwa jina la kijiti kabla ya kuwa jina la brashi ya dukani. Mtume (s.a.w.) ametuhimiza sana juu ya mswaki. Lakini tufahamu kinachohimizwa: ni kusafisha kinywa. Kijiti kikitafunwa ncha mpaka kikawa nyuzi laini, kikapitishwa taratibu kutoka ufizini kuelekea ncha ya jino, kinasafisha vizuri. Kikiwa kikavu na kigumu, kikasuguliwa kwa nguvu kulia na kushoto kama msumeno, kinaumiza ufizi na kuifikia ile shingo ya jino isiyo na ngome. Brashi nayo ni vivyo hivyo. Chagua laini, na usitumie nguvu.

Baada ya kunywa soda, sharubati ya ukwaju au ya ndimu, au baada ya kula embe bichi, usikimbilie brashi. Enameli imelainika kwa wakati huo. Sukutua kwa maji, subiri kama nusu saa mate yafanye kazi yake, ndipo upige mswaki. Hapa udhu unatusaidia, kwani tunasukutua mara kadhaa kwa siku, na maji hayo huondoa uchachu. Mwezi wa Ramadhani tuwe makini zaidi. Futari zetu zina tende, juisi za machungwa na ukwaju, na mara nyingi soda juu yake, baada ya kutwa nzima ya mate kupungua. Fungua kwa maji na tende, juisi inywewe pamoja na chakula badala ya kunywewa kidogokidogo mpaka usiku wa manane. Na baada ya daku, kabla ya alfajiri kuingia, sukutua vizuri, kisha upige mswaki kwa dawa ya meno kabla ya kurudi kulala.

Ukienda kliniki

Nisieleweke vibaya kuhusu hizi eksirei. Ile maikro-siti niliyoieleza ni ya maabara. Hutumika kwa meno yaliyokwisha kung'olewa na kwa mabaki ya kale, kwani muda wake ni mrefu na mionzi yake haifai kwa mtu aliye hai. Usiende hospitali ukadai kupimwa unene wa enameli. Utakachopata huko ni picha ndogo ya kawaida, ambayo kazi yake kubwa ni kuonyesha tundu lililojificha kati ya meno.

Na picha hiyo usiikimbie pale daktari anapoihitaji. Mionzi ya picha moja ndogo ya meno kwa mashine za kisasa ni takriban ile ambayo mwili hupata kwa siku moja kutoka ardhini na angani. Mama mjamzito amweleze daktari hali yake kabla. La muhimu zaidi, tusingoje maumivu. Katika nyumba nyingi, daktari wa meno anajulikana kama mtu wa kung'oa tu. Tundu likigunduliwa likiwa bado katika enameli, pengine halihitaji hata kuchongwa. Likifika kwenye kiini, gharama na maumivu vinazidi mara nyingi.

Ndugu msomaji, watu wamehangaika zaidi ya miaka mia moja, kutoka Walkhoff aliyekaa dakika 25 mbele ya mionzi mpaka hizi kompyuta za leo, wakajua kwamba ngome ya jino ni milimita mbili na ushee pale ilipo nene na kwamba shingoni inaisha. Sisi tunaopewa elimu hiyo bure hatuna udhuru wa kuendelea kuikwangua kwa mchanga. Jioni ya leo, mwenye mkaa uliopondwa bafuni autupe, na mwenye mtoto wa miaka 6 amwambie afungue kinywa, atazame kama lile gego la nyuma limekwisha kuota.

Wabillahi tawfiq.